Mlima Una Mwenyewe

Nasema nanyi mnaopanda Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Nasema nanyi mnaoondoka Nairobi Ijumaa usiku kwa matatu ya kukodi ili Jumapili alfajiri mpigwe picha penye kibao cha kilele cha Lenana. Nasema nanyi wa kwetu, wa Embu, Runyenjes, Chuka na Meru, mnaojiunga nao njiani na kuiga mwendo wao. Nasema na wenye kampuni za kupandisha watu. Nayasema haya nikiwa Dallas, mtaa huu wa vyumba vya mabati mjini Embu, ambao vijana wake hakuna aliyewauliza wanauonaje mlima. Huulizwa wanaweza kubeba kilo ngapi.

Mmeukosea mlima, mmewakosea wanaowabebea mizigo, na mmetukosea sisi tunaokunywa maji yake. Nitasema kwa ukali kwa sababu upole umeshajaribiwa. Vibao vimewekwa, askari wa wanyamapori wamesihi, mikutano imefanyika, na makopo bado yamelala palepale.

Waliotutangulia hawakuwa na lango wala tiketi, lakini walikuwa na adabu. Waembu walielekeza milango ya nyumba zao mlimani, mtu akitoka asubuhi aanze siku yake akiyatazama makao ya Mungu, Mwene Njeru. Wakikuyu walisali wakiwa wameuelekea mlima huohuo. Kule Meru alikuwako Mugwe, mtu wa baraka, ambaye mkono wake wa kushoto ulifichwa machoni pa watu kwa kuwa ndio uliokuwa na uwezo wa kubariki. Angalieni jambo hilo: mkono wenye baraka ulifichwa. Kilichokuwa kitakatifu kiliwekewa mpaka, na mpaka huo haukuvukwa kwa kujionyesha. Msituni waliingia wawindaji, warina asali na wachimba dawa, nao walijua mti upi wa mugumo haukatwi na chemchemi ipi haichezewi. Sisemi wazee wetu walikuwa malaika. Nasema walijua kwamba mlima una Mwenyewe, na mtu anayejua yuko kwa mwenyewe hathubutu kujisaidia kando ya mtungi wa mwenye nyumba.

Ninyi mmethubutu.

Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder aliondoka Nairobi na msafara wa watu 170. Wazungu walikuwa sita. Wengine walikuwa Waswahili 66, Wakikuyu 96, na Wamasai wawili wa kuonyesha njia. Tarehe 13 Septemba yeye na wenzake wawili wa kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika kilele cha Batian, mita 5,199 juu ya bahari. Vilele vikapewa majina ya malaibon, viongozi wa kiroho wa Kimasai. Mabonde yakapewa majina ya Wazungu: Teleki, Hobley, Mackinder mwenyewe. Waswahili 66 hawakupewa hata jiwe. Walitoka pwani, wakabeba mizigo katika baridi ambayo kwao haijulikani, na wapo ambao hawakurudi hai. Nani kati yenu anajua jina la mmoja wao?

Mnasikia habari hiyo na kusema huo ulikuwa ukoloni. Basi niambieni ninyi Wakenya huru, anaitwa nani yule aliyetangulia mbele yenu na hema lenu mgongoni? Safari nzima mmelala naye mlima mmoja. Amewachotea maji, amewapikia, amebeba viatu vyenu vya akiba na chupa zenu za mvinyo, na hadi jioni ya mwisho mnamwita "wewe" au "kijana". Mackinder angeweza kusingizia lugha. Ninyi mmesoma naye shule za aina moja, mnazungumza naye Kiswahili kimoja, na pengine mama yake anauza mboga katika soko ambalo mama yenu hununua.

Njia ya Chogoria, ikipandwa kwa busara, ni ya siku nne au tano. Lango lake liko karibu mita 3,000 juu. Kutoka hapo mtu hupanda kati ya vichaka na nyasi ndefu, akipita karibu na ziwa Ellis, mpaka kwenye vidimbwi vya Hall ambako watu hupiga kambi ya Mintos. Hapo ardhi hukatika ghafla na bonde la Gorges likafunguka chini ya ukuta wa mwamba, na ziwa Michaelson likalala kule chini, jeusi na tulivu. Kisha ni mawe na changarawe hadi Lenana, mita 4,985, na kuteremkia upande wa Sirimon au Naro Moru. Kote huko yupo mtu aliyebeba mtungi wa gesi, sufuria, trei za mayai, viti vya kukunja na matikiti maji. Ndiyo, matikiti maji. Mnayapandisha hadi mita 4,000 ili mle vipande viwili mkipigwa picha, na mgongo ulioyapandisha ni wa kijana aliyevaa raba za mitumba zilizopasuka kisigino.

Usiku maji huganda ndani ya chupa. Ninyi mmejifunika mifuko ya kulalia yenye manyoya. Yeye na wenzake wamejikunja katika hema la jikoni, kati ya sufuria, wakishirikiana mablanketi. Alfajiri ndiye wa kwanza kutoka, maana mmemwagiza maji ya moto ya kunawa uso. Mkishuka na kuwasimulia rafiki zenu jinsi mlivyoteseka, mnasahau kwamba kila hatua ya mateso hayo aliipiga pia mtu mwingine, akiwa na kilo zenu juu ya kilo zake.

Majirani zetu wa Kilimanjaro walilitazama jambo hili wakaona aibu mapema kuliko sisi. Waliweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi na mizani ya kuupimia mzigo, na tangu 2003 uko mradi wa kuwatetea wapagazi, unaochunguza nani analipa vizuri na nani anadhulumu. Bado dhuluma haijaisha kule, lakini angalau imepewa jina lake. Kwetu mambo mengi bado yameachiwa dhamiri ya mwenye kampuni, na wapo ambao dhamiri yao hulala usingizi mzito kuliko wateja wao.

Maana kisha huja malipo. "Nitakutumia kwa M-Pesa jioni." Jioni inafika na simu haipokelewi. Inafika Jumatano. Inafika mwisho wa mwezi, na mwenye chumba cha mabati hapokei ahadi. Bakshishi iliyotolewa kwa ajili ya watu wanane inagawanywa gizani na mtu mmoja, na wanane hao hawajui kilichotolewa. Torati iliamuru kibarua apewe ujira wake kabla ya jua kutua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautegemea. Waislamu wa Majengo hapa mjini wamefundishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Mnajiita watu wa dini. Jumapili nyingine mko kanisani mbele kabisa, mkitoa ushuhuda kwamba mlikutana na Mungu mlimani. Mlikutana na nani, ikiwa mtu wake mlimwacha langoni bila nauli?

Wapo wanaolipa vizuri na mapema. Hao sitawasifu hapa, kwa kuwa kulipa deni si sadaka.

Na usahaulifu huu hatuuachi nyumbani. Tarehe 12 Mei 2022 James Kagambi alifika kilele cha Everest, Mkenya wa kwanza, akiwa na umri wa miaka 62, baada ya maisha marefu ya kufundisha watu kupanda Kirinyaga. Tulifurahi sote. Miaka miwili baadaye, Mei 2024, Cheruiyot Kirui alifia kwenye mlima huohuo akijaribu kuupanda bila oksijeni ya mtungi. Tulimlilia, na alistahili machozi yetu. Lakini alikuwa na mwenzake, mwongozaji wa Kinepali aliyeitwa Nawang Sherpa, ambaye naye hakurudi. Katika maombolezo yenu, mlimtaja mara ngapi? Huyo naye alikuwa na watu wake. Tabia ya kumhesabu aliyepanda na kutomhesabu aliyempandisha tumeibeba mpaka kwenye misiba.

Na kwa kuwa wengi wenu sasa mna hamu ya Nepal, nitasema juu ya Nepal. Njia ya kwenda kambi ya Everest hupita nchi ya Washerpa, ambao ni Wabudha. Pale Tengboche, mita 3,867, kuna nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1916. Tetemeko la 1934 liliiangusha, moto wa 1989 ukaiteketeza, na kila mara watu waliijenga upya. Wapandaji husimama pale kuombewa baraka na lama kabla ya kuendelea. Njiani kuna kuta za mawe yaliyochongwa maneno ya sala, na desturi ni kupita ukuta ukiwa mkono wako wa kulia. Juu ya vijiji kuna kilele cha Khumbila, ambacho Washerpa hukiheshimu kama makao ya mungu anayewalinda, nacho hakipandwi. Kule Tibet, mahujaji huuzunguka mlima Kailash kwa miguu, kwa siku kadhaa, na kilele chake wanakiacha. Bhutan ilikataza kupanda milima inayozidi mita 6,000 mwaka 1994, na mwaka 2003 ikafunga upandaji milima wote, kwa heshima ya imani za watu wake.

Ninyi mkifika huko mnatii. Mnapita upande mlioelekezwa. Mnavua viatu mlangoni pa watawa na kunyamaza wakisali. Mnapumzika siku nzima Namche, mji wa njiani, kwa kuwa mmeambiwa mwili haupandishwi kwa haraka, wakati Kirinyaga mnaukimbilia kwa siku mbili kisha mnateremshwa mgongoni mwa mpagazi yuleyule, mkitapika na mapafu yakijaa maji. Mnarudi nyumbani na vibendera vya sala vya rangi tano, mnavitundika sebuleni, na mwezi unaofuata mnapanda mlima wenu wenyewe na spika inayopiga muziki hadi pimbi wanakimbilia mapangoni. Heshima mliyompa mungu wa Msherpa mmemnyima Mwene Njeru wa babu zenu. Mmemnyima hata Mungu mnayemwimbia Jumapili, ambaye mnakiri kwa vinywa vyenu kwamba mlima huu ni kazi ya mikono yake.

Sisemi Himalaya ni safi. Everest imelundikwa mitungi, mahema na kinyesi cha miaka mingi. Lakini mwaka 1991 watu wa Khumbu, nchi hiyo ya Washerpa, waliunda kamati yao ya kupambana na uchafu, na serikali ya Nepal ikaja kudai kila msafara uweke amana ya dola 4,000, na kila mpandaji ateremshe kilo 8 za taka. Walikosa, wakakiri, wakatafuta dawa, na dawa yenyewe bado inawashinda mara nyingi. Sisi tumekosa na hata kukiri hatutaki. Sheria tunazo. Tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa na sahani za plastiki za kutumia mara moja hazitakiwi ndani ya hifadhi zetu. Zinaingia hata hivyo, ndani ya mabegi yenu, chini ya soksi. Hamjashindwa kuijua sheria, maana asiyeijua hafichi.

Sasa nisikilizeni juu ya maji, kwa kuwa hapa ndipo hasira yangu ilipo.

Vidimbwi vya Hall, mnapopiga kambi, ndivyo maji ya kunywa ya kambi. Hakuna bomba jingine. Nanyi mnaoshea sufuria humo, mnasugua meno humo, mnamwaga mabaki ya tambi humo. Asubuhi, choo kikiwa mbali na baridi ikiuma, mnazunguka nyuma ya jiwe, mnaacha kinyesi na tishu nyeupe juu ya ardhi isiyo na udongo wa kufukia, mahali ambapo baridi haiozeshi kitu upesi. Mvua ikinyesha, vyote vinateremka. Vinateremkia wapi? Kutoka bonde la Gorges unatoka mto Nithi, uleule ambao mabasi ya Meru huuvuka kwenye daraja lenye makaburi mengi. Nithi huingia Mutonga, na Mutonga huingia Tana. Upande wetu wa kusini mlima hutupa Rupingazi inayopita hapa Embu, na Thiba na Nyamindi zinazonywesha mashamba ya mpunga ya Mwea. Nayo maji ya Thiba huishia Tana, katika bwawa la Kamburu. Taa mliyowasha kuchaji simu kabla ya safari inategemea kwa sehemu maji hayo, yakipita mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kisha mto unakwenda Garissa, unakwenda kwa Wapokomo wanaolima kandokando yake, na kumalizikia baharini karibu na Kipini. Mtu wa Kipini hajawahi kuuona mlima huu, lakini mlima unamfikia.

Hapa Dallas mama hununua maji kwa mtungi bomba linapokauka. Hesabu ya mitungi anaifanya kabla ya hesabu ya chakula. Mtoto wake akiharisha, hakuna anayemwuliza nani alipiga kambi wapi. Sidai kwamba ugonjwa wa mtoto huyo umetoka mkononi mwako. Nadai kwamba ulipojisaidia kando ya chemchemi hukumfikiria hata mara moja, na kutomfikiria huko ndiko dhambi ninayoisema.

Na msijifiche nyuma ya moshi wa viwanda vya mbali. Ni kweli, barafu ya Lewis ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na wengi wa waliowasha moto unaoiyeyusha hawajui hata jina lake. Mzigo huo ni wao, na siku moja wataulizwa juu yake. Lakini maji yanayopungua ndiyo yanayotakiwa kulindwa zaidi. Ninyi mmekuta kisima kinakauka, na mmetema mate ndani yake.

Wa kwetu, msitabasamu. Msidhani karipio hili ni la Wanairobi. Uchunguzi wa kutoka angani wa mwaka 1999 ulionyesha mlima wetu kama ulivyokuwa: maelfu ya miti ya asili imeangushwa, tanuri za makaa zikifuka, mashamba ya bangi katikati ya hifadhi. Muthaiti, mti uliochukua mamia ya miaka kukua, ulikuwa ukipasuliwa mbao usiku na kuteremshwa kwa malori alfajiri. Hakuna mtalii aliyeshika msumeno ule. Ulikuwa mikononi mwa wana wetu, na wazee wetu walipokea sehemu yao wakanyamaza. Mwaka uliofuata msitu ukawekwa chini ya Shirika la Wanyamapori, ukapona kidogo, nasi tukajiita watunzaji. Kisha Machi 2012 moto ukala nyika za juu kwa siku nyingi, na mwaka 2019 ukala tena. Warina asali wanajua jinsi ya kufukiza mzinga bila kuchoma msitu. Babu zao walijua. Waliosahau ni wale wanaoharakishia soko.

Nanyi wahubiri mnaopeleka makundi ya maombi juu kwa siku tatu za kufunga: mnafunga chakula, mnaacha mishumaa na mifuko. Mungu aliwasikia. Aliona pia mlichoacha.

Pale penye kibao cha Lenana, mahali mnapoacha makaratasi ya biskuti, ndipo Kisoi Munyao aliposimika bendera ya Kenya usiku wa uhuru, Desemba 1963. Nchi nzima ilikuwa Nairobi ikitazama bendera moja ikishuka na nyingine ikipanda, na mtu huyo alikuwa gizani juu ya barafu, akipeleka habari hiyo mahali palipo juu sana. Alipandisha bendera. Ninyi mmeshindwa kuteremsha kopo tupu, ambalo ni jepesi kuliko lilipopanda likiwa limejaa.

Hukumu haitatoka kwangu. Imeshaanza kutoka kwenye mito. Wanaokaa kando ya Rupingazi na Thuchi wanajua kiangazi sasa kinawakuta wapi, na wakulima wa juu na wa chini wanajua jinsi ugomvi wa mfereji unavyoanza kwa maneno na kumalizika kwa panga. Mkiendelea hivi, wana wenu watapanda mlima wa mawe makavu wakiongozwa na watu wanaowachukia, na watakuwa na haki ya kuuliza mlikuwa wapi.

Kwa hiyo nawaomba, na ombi hili ni la mwisho katika maneno yangu lakini la kwanza katika moyo wangu. Msafara wenu ujao, jifunzeni jina la kila anayebeba mzigo kabla ya kuvuka lango. Mpimieni kilo zake mbele ya macho yenu. Acheni matikiti. Pandeni kwa siku tano badala ya mbili. Osheni vyombo mbali na maji, na mlichokileta kiteremke nanyi, pamoja na tishu zenu. Mkifika chini, iwe Chogoria, Sirimon au Naro Moru, ulizeni waziwazi, mbele ya wapagazi wote, kila mmoja amelipwa kiasi gani. Kama hajalipwa, mlipeni palepale, mkononi, kabla hamjapanda gari.